Kabla ya kuongeza vitanda, hesabuni meza

Mdogo wangu, umesema nyumba ya sororiti yenu, yaani chama chenu cha wanafunzi wa kike chuoni huko Marekani, ina vitanda 40, wanachama wamefika 110, na mnafikiria kugawa sebule iwe vyumba vya kulala. Nakuomba sana, msiiguse sebule. Wengi wenu mnaishi nje. Kinachowabana ni mahali pa kula na kukutana. Panueni kwanza jiko, chumba cha kulia na vyoo.

Halafu moto. Hili msilikate kwenye bajeti hata fedha zikipungua: vinyunyizio vya maji darini kila chumba, na njia ya pili ya kutokea kila ghorofa. Kuta zikiwa wazi, pitisheni na nyaya mpya za umeme. Kama nyumba ilijengwa kabla ya 1978, ipimwe kama ina rangi yenye madini ya risasi au asbestosi kabla fundi hajainua nyundo.

Kwa kawaida mwenye nyumba ni bodi ya wahitimu, si ninyi wanafunzi. Nendeni nao manispaa mkaulize idadi ya wakazi inayoruhusiwa, kabla hamjamlipa mchoraji wa ramani. Ujenzi mzito uwe likizo ya kiangazi, vibali vianze kuombwa mwaka mmoja kabla.