Shangazi, Kiingereza kitanilipa au nifungue duka?

*Shangazi, shikamoo. Nimemaliza kidato cha sita, HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), nina C ya Kiingereza na C ya Kiswahili. Nimedahiliwa vyuo viwili. Kimoja ni shahada ya Kiingereza peke yake, kingine ni ya ualimu, masomo ya kufundishia Kiingereza na Kiswahili. Moyo wangu uko kwenye ile ya kwanza, ualimu sina hamu nao. Bodi ya Mikopo imenipa hela yote ya chakula na malazi, na asilimia 60 ya ada. Sasa baba mdogo, aliyenilea, anasema Kiingereza hata watembeza watalii wanakijua, na deni la Bodi linavimba mpaka unazeeka nalo. Yuko tayari kunipa milioni 4 nifungue duka la vipodozi. Muda wa kuthibitisha chuo unaisha wiki ijayo. Nifanye nini?*
*Binti wa Tanga*

Marahaba, mwanangu.

Kwa watembeza watalii baba yako mdogo kasema kweli, usimbishie. Hakuna anayelipwa kwa kujua Kiingereza. Unalipwa kwa kazi unayoifanya nacho, ndiyo maana hizo shahada mbili, ingawa zote za miaka mitatu, hazina bei moja.

Soma tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma la Mwalimu Daraja la III C, somo la Kiingereza. Wanataka shahada ya ualimu yenye somo hilo, au shahada nyingine pamoja na stashahada ya uzamili katika elimu. Ukichukua Kiingereza peke yake, mlango huo unafungwa mpaka ukasome hiyo stashahada: ada nyingine, na muda mwingine bila mshahara. Wengi hugundua hivyo baada ya mahafali, wakishachoka kutuma barua za maombi. Aliyesoma ualimu naye haibiwi kitu, maana kazi za ofisini zinazotaka mtu wa lugha anaziomba vilevile. Hamu ya kufundisha si lazima uwe nayo leo. Cheti kinachofungua milango miwili ni lazima.

Nisikudanganye lakini. Walimu wa sanaa ni wengi, na serikali ikiajiri huanza kuwatazama wa sayansi na hisabati. Unaweza kukaa miaka ukisubiri, huku ukifundisha shule binafsi au twisheni.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme mshahara wa msingi ni 800,000, namba niliyoichagua ili hesabu iwe rahisi. Mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma unakata asilimia 5, yaani 40,000. Inabaki 760,000 ya kutozwa kodi: 270,000 za mwanzo hazitozwi, 250,000 zinazofuata zinakatwa asilimia 8, na 240,000 za mwisho asilimia 20. Jumla ya kodi ni 68,000. Bima ya afya, asilimia 3, ni 24,000. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 120,000. Mkononi unabaki na 548,000.

Na hapo ndipo walimu wapya wanapojimaliza. Benki inajua kwamba mtumishi anatakiwa abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi, kwa hiyo itakukopesha mpaka ufike karibu na hiyo 267,000. Hapo usilaumu shahada.

Deni la Bodi halivimbi tena kama zamani. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyowatia wakubwa zako hasira, ilifutwa mwaka 2021. Piga lako. Bumu, yaani hela ya chakula na malazi, ni 10,000 kwa siku. Kwa siku 240 za masomo ni milioni 2.4 kwa mwaka. Ada ikiwa milioni 1.3, asilimia 60 yake ni 780,000. Kwa miaka mitatu mkopo wenyewe ni 9,540,000. Ukikatwa 120,000 kila mwezi, unamaliza kwa miezi kama 80, yaani karibu miaka sita na miezi minane. Ni mzigo, lakini una mwisho. Usipoajiriwa nao haulali, kwa hiyo usikae kimya ukidhani Bodi imekusahau.

Kiswahili kilichomo kwenye ile shahada ya pili nacho kina soko. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya lugha ya mahakama Tanzania, na mashirika yanayofanya kazi vijijini yanahitaji fomu, vipeperushi na madodoso kwa lugha hizi mbili. Mfasiri mzoefu hutoa maneno kama 2,000 kwa siku na hulipwa kwa neno, kwa hiyo anayetoa 600 kwa bei ileile anapata chini ya theluthi. Mashine nazo zimeshusha bei: mteja anakuletea kazi ya mashine uisafishe tu. Lakini tazama maelezo ya dawa yanavyotoka humo: “Meza kidonge kimoja kwenye tumbo tupu.” Mgonjwa wa Handeni anaambiwa, “Meza kidonge kimoja kabla hujala kitu.” Anayeona tofauti hiyo, na akaweza kumweleza mteja kwa nini, ndiye anayelipwa. Anza mwaka wa kwanza: jifunze OmegaT, programu ya kompyuta ya kuwasaidia wafasiri, haina malipo, na uweke akiba ya kurasa kumi ulizofasiri vizuri, za afya, za kilimo, za mikataba. Mteja haombi GPA, anaomba sampuli.

Kuhusu duka. Fremu nyingi mjini mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Tuseme 150,000 kwa mwezi: ya mwaka ni milioni 1.8, na hujaweka hata rafu. Kwa 2,200,000 iliyobaki utapata bidhaa za ukuta mmoja, na vipodozi vina tarehe ya kuharibika. Duka si wazo baya, ila mtaji huo ni mdogo kwa mtu ambaye hajawahi kuuza.

Kwa hiyo usimkatalie baba yako mdogo, mpunguzie. Upungufu wako wa ada ni 520,000 kwa mwaka, jumla 1,560,000. Mwendee jioni akishakula, na hesabu hizi kwenye karatasi, umwambie: “Baba, sikuombi milioni nne. Nakuomba hii, kidogo kidogo, kila mwaka chuo kikifunguliwa.” Barua ya ada ya chuo iwe mkononi, ili namba ya 1,300,000 niliyoikisia uibadilishe kwa ya kweli kabla hajakuuliza.

Kisha ingia kwenye akaunti yako ya udahili, omba ile namba ya siri inayokuja kwa ujumbe wa simu, uthibitishe ya ualimu. Usingoje siku ya mwisho, mtandao hulemewa.