Ukienda msitu wa Amani usihesabu kilomita

Mara ya kwanza kwenda Amani nilikuwa chuo mwaka wa pili, tulikuwa watu arobaini na kitu kwenye basi moja, na nikisema tulienda "kujifunza" nitakuwa natia chumvi. Tulishuka, tukapewa muongozaji mmoja, tukapanga mstari mrefuuu, tukatembea masaa matatu, tukatokea upande wa pili tumelowa jasho na matope mpaka magotini. Mimi nilikuwa wa nyuma nyuma. Kitu nilichokiona kwa masaa yote matatu ni begi la jamaa aliyekuwa mbele yangu, begi la bluu zipu imekatika. Muongozaji anaongea huko mbele, sisi huku nyuma tunapokezana habari, na ikifika kwetu imeshakuwa kitu kingine kabisa. Kuna sehemu ilitufikia kwamba kuna nyoka, watu wakaanza kurukaruka, kumbe mzee wa watu alikuwa anaonyesha mti unaitwa mnyasa.

Kurudi kwenye basi mtu akauliza, sasa wanyama wako wapi? Watu wakacheka ila ukweli hata mimi nilikuwa na hilo swali, nilinyamaza tu.

Tangu hapo nimerudi mara tatu, mbili kati ya hizo nikiwa na wanafunzi (nafundisha baiolojia sekondari), na makosa nimeyafanya ya kutosha, kwahiyo kama wewe ni mwalimu au kiongozi wa klabu au una marafiki zako watano mnataka kwenda msituni mkajifunze kitu cha maana, soma hapa kwanza.

Cha kwanza ambacho kingenisaidia sana kama mtu angeniambia mapema: msitu wa mvua sio mbuga. Mbugani unakaa kwenye gari, twiga anakuja mwenyewe, unapiga picha, umemaliza. Msituni mwanga unaofika chini kabisa ni kama asilimia 1 au 2 tu ya jua linalopiga huko juu ya majani, kwahiyo maisha mengi yamehamia juu kwenye mwanga, mita 30 na zaidi kutoka kichwani kwako. Wewe huku chini umebaki na majani makavu, giza la kijani na sauti za vitu usivyoviona. Macho yako hayajazoea hayo mazingira, utapita pembeni ya kitu cha ajabu na hutajua. Ndio maana muongozaji msituni sio mtu wa kukuonyesha njia, njia hata wewe ungeifuata, yule ni macho yako. (Wengine huku mtaani wanamuita "gaidi" kwa yale matamshi yetu ya neno la Kiingereza "guide", sasa jaribu kumwandikia mzazi meseji kwamba mwanae atakuwa porini na gaidi siku mbili uone simu zitakavyopigwa.)

Kwa asiyepajua, Amani ipo Usambara Mashariki, mkoa wa Tanga, unapandia Muheza. Ilitangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, ya kwanza ya aina hiyo Tanzania, na siku hizi iko chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Ila watu wa sayansi wameanza kupanda ule mlima zamani sana, Wajerumani walifungua kituo chao cha utafiti wa mimea na kilimo pale mwaka 1902, wakapanda miti ya kila kona ya dunia kuona ipi itaota, na mingine bado imesimama mpaka leo. Hii nitairudia kwa sababu ina kisa chake.

Turudi kwa muongozaji. Safari yangu ya pili tulikuwa sita tu, na tukapata mzee mmoja mwembamba, buti zake za mvua zimepasuka pembeni, haongei sana. Tumeingia kama dakika kumi akasimama. Nasi tukasimama. Kimya. Mimi kwa tabia zangu nikamuuliza, mzee, tunaendelea? Akanijibu, "Tunaenda wapi mwalimu?" Alafu akachuchumaa, akanyoosha kidole kwenye majani makavu, nikaangalia, naona majani. Akasema angalia lile jani linalopumua. Aisee. Kilikuwa kinyonga, kidogo kama kidole, mkia mfupi, rangi ya jani lililokauka hadi ile mistari ya jani anayo, na akitembea anajitikisa mbele nyuma mbele nyuma kama jani linalopeperushwa na upepo. Tulikaa pale nadhani nusu saa. Siku ile kwa masaa matatu yaleyale tulitembea kama mita mia nne, sitanii, na nilitoka na kurasa kumi na moja za daftari.

Kwahiyo ushauri wangu mkubwa ni huo, unapopanga na muongozaji usimuulize njia ina kilomita ngapi, muulize anatembea na watu wangapi na anaweza kukaa sehemu moja muda gani. Watu nane kwa muongozaji mmoja ndio mwisho, kumi labda kama wanafunzi wako ni wapole na sijawahi kukutana na wanafunzi kumi wapole. Mkiwa arobaini ombeni waongozaji watano na mgawanyike, muingie kwa njia tofauti au kwa muda tofauti, gharama inapanda kweli ila bora mwende mara moja vizuri kuliko mara mbili mkaangalie mabegi. Na mpigie siku kadhaa kabla, umwambie unafundisha nini. Mimi mara ya tatu nilimwambia mapema kwamba watoto wako kwenye mada ya ikolojia, wanahitaji kuona nani anamla nani na nani anamtegemea nani, akapanga njia yake kwa hilo.

Kitu kingine, wafundishe watu wako kuuliza maswali. Swali la "hii inaitwaje" linaua maongezi, unapewa jina unaandika mnaendelea. Uliza nani anakula hii. Tulikuwa chini ya msambu, ule mti wenye matunda makubwa ya kahawia yananing'inia kama mikoba, mwanafunzi mmoja akauliza hilo swali, mzee akaanza kueleza: tunda likianguka kuna panya buku anakuja kuchukua mbegu anaenda kuzificha, nyingine anazisahau ndio zinaota, na ndani ya hizo mbegu kuna mafuta mazito yanayoganda yenyewe, ndio maana hata watu wa vijiji vya pembeni wanaziokota wanaziuza. Swali moja tu, tukapata panya, mti, binadamu na biashara, mimi darasani kwa hiyo mada natumia vipindi vinne.

Na ule mti wa Wajerumani sasa. Kuna sehemu wanafunzi walikuwa wanapiga picha, miti mirefu imenyooka mizuri, hondohondo, wale ndege wakubwa wenye midomo mikubwa, wanapiga kelele juu, yaani ndio picha ya msitu kama kwenye kalenda. Mzee akawaacha wamalize alafu akasema hii mnayopiga picha sio ya hapa. Ni Maesopsis eminii, kwao ni huko Uganda na magharibi mwa Afrika, huku uliletwa enzi za Wajerumani ukapandwa. Baadae miti mikubwa ilipokatwa kwa ajili ya mbao miaka ya 1970 na 1980, ule mti ukapata nafasi, kwa sababu unapenda mwanga na unakua haraka, na hondohondo wanayapenda sana matunda yake, wanakula huku wanaenda kuziachia mbegu kule, basi ukasambaa. Watoto wakakaa kimya. Kuna mmoja akasema "kwahiyo mwalimu hondohondo ana makosa?" na hapo wakabishana mpaka jioni, mimi sikuingilia.

Maua pia, usipite bila kuomba uonyeshwe yale ya zambarau yanayoota kwenye miamba yenye kivuli karibu na maji. Ukiyaona utasema mbona madogo hivi. Ofisa mmoja wa kikoloni wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyapeleka kwao, mwaka 1893 yakapewa jina la kisayansi la Saintpaulia, na leo yako kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani, huko yanauzwa madukani kama nyanya na huku nyumbani kwao yanazidi kukosa pa kuota. Usichume hata moja. Kwanza ni hifadhi, kuchukua sampuli ya chochote kunahitaji kibali, na kama unataka wanafunzi wakusanye vitu basi hiyo ni safari nyingine yenye makaratasi mengine. Wachore tu. Wakichora wanaangalia zaidi kuliko wakipiga picha, hilo nimelishuhudia mwenyewe.

Haya, mavazi. Usivae jinzi. Ikilowa haikauki na inakuwa nzito kama umebeba mtu. Suruali nyepesi, soksi ndefu, suruali unaichomeka ndani ya soksi, najua unaonekana kituko ila sikiliza hii. Safari ya tatu kuna binti wa kidato cha tatu alikataa kuchomeka, alisema hawezi kupigwa picha hivyo, nikamuacha kwa sababu nilikuwa nimechoka kubishana, hilo ni kosa langu kabisa. Tukasimama kumsikiliza muongozaji. Huyo binti kasimama juu ya siafu. Na siafu hawaumi palepale wakifika, wanapanda kwanza, wanatulia, alafu kama wamepeana ishara wanauma wote kwa pamoja. Ile kelele sitaisahau. Muongozaji alituambia tusogee wote mbele haraka tusisimame karibu na mstari, wasichana wenzake wakamzungushia khanga, tukawa tunawatoa mmoja mmoja, na ukimvuta siafu kiwiliwili kinakuja kichwa kinabaki kimeng'ata. Siku ya pili darasa zima limechomeka, hadi mimi nikaambiwa "mwalimu yako imetoka".

Kuhusu muda wa kwenda, Machi mpaka Mei ni masika, ile barabara ya kupanda kutoka geti la Sigi inateleza na gari kubwa linaweza kukwama, kwahiyo kama una basi la wanafunzi mimi nisingethubutu. Juni hadi Septemba ni afadhali ila usidanganyike na neno kiangazi, ule ni msitu wa mvua, unapokea karibu milimita 2,000 kwa mwaka, mvua inaweza kukukuta mwezi wowote. Usiku kuna baridi, beba sweta hata kama Muheza umeacha jua la kukaanga watu. Dawa na kinga za malaria ongea na daktari wako kabla, sio ukifika. Penseli badala ya kalamu, karatasi ikipata unyevu kalamu haiandiki. Netiweki usiitegemee, nyumbani waambie mapema ili wasianze kukutafuta.

Na tafadhali lala. Usifanye ile safari ya kwenda na kurudi siku moja, kwa sababu usiku ndio nusu ya somo na watu wengi wanaikosa. Omba matembezi ya usiku, kila mtu tochi yake, mnatembea taratibu mnamulika kwenye ncha za matawi. Vinyonga wakilala rangi yao inapauka, ukimulika wanang'aa weupe kwenye majani, mchana huo huo ulipita hapo hukuona hata mmoja. Tulihesabu kumi na nne usiku mmoja, mmoja wao dume ana pembe tatu usoni kama kifaru aliyechanganyikiwa. Kuna kijana mkubwa kabisa, anacheza mpira timu ya shule, alikuwa amejificha nyuma yangu ameshika mkono wa koti langu muda wote. Wa kumi na nne alimuona yeye.

Ila nikuonye kuhusu perere. Ni mnyama mdogo, kama sungura mnene asiye na masikio marefu, anaishi juu ya miti, na usiku anatoa sauti inayoanza kama mlango mbovu alafu inapanda inapanda mpaka unahisi kuna mtu anakabwa. Waambie wanafunzi KABLA ya kulala. Mimi nilisahau, saa nane usiku nikawa na watoto kumi na wawili mlangoni na mablanketi yao.

Asubuhi yake mzee alituamsha mapema akatupeleka ukingoni mwa msitu, akainua mkono tunyamaze. Kwa mbali ikasikika sauti nyembamba inajirudia, kama mtu anagonga chuma chembamba. Akanong'ona kwamba ni kandege kadogo kana mdomo mrefu, wanasayansi walikaandika mwaka 1931, Artisornis moreaui, dunia nzima kanajulikana huku Usambara Mashariki na sehemu moja kaskazini mwa Msumbiji basi. Tukasimama kama dakika arobaini shingo zimekakamaa, darubini moja watu tisa. Mzee akakaona. Yule kijana wa mpira akasema na yeye amekaona. Mimi mpaka leo nimekasikia tu.