Saa za Mombasa na London ndani ya Python

Salamu ndugu yangu. Umesema programu yako ya kuwawekea watalii nafasi za jahazi huwapa wageni wa London saa sahihi Januari, ikifika Aprili inakosea kwa saa nzima. Kosa ni ile 3 unayoitoa kwa mkono kwenye saa ya Mombasa. Sisi Mombasa tuko UTC+3, yaani saa tatu mbele ya UTC (saa ya kimataifa ya kulinganishia), mwaka mzima. Uingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, huirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Jahazi la saa mbili asubuhi hapa, kwao ni 05:00 Januari na 06:00 Julai.

Maktaba ya nje huihitaji. Tangu Python 3.9, zoneinfo, moduli ya kanda za saa za dunia, imo humo humo. Anza na datetime.now(timezone.utc), kamwe usitumie now() tupu isiyotaja kanda, hifadhi hiyo UTC, kisha ugeuze unapomwonyesha mtu tu: wakati.astimezone(ZoneInfo("Europe/London")). Majira itayajua yenyewe. (Windows haina data hizo za kanda, kwa hivyo huko ongeza kifurushi cha tzdata: pip install tzdata.)

Na tafadhali, usihifadhi saa zetu za Kiswahili. Nimewahi kuona tiketi imeandikwa 2:00. Mgeni akafika saa nane mchana, jahazi lilishang'oa nanga asubuhi.