Simu za Tawi Zinapokatika Intaneti Ikiwa Hai

SWALI: Ndugu Mtaalamu, nina duka la pembejeo Uyole, Mbeya, na tawi Makambako, na ofisi hizi mbili huwasiliana kwa simu zinazopita kwenye intaneti. Kila asubuhi, karani anapotuma picha za risiti, sauti hukatikakatika hadi tunashindwa kuelewana. Fundi alisema intaneti ikisumbua, mtambo wa simu wa ofisi utazihamishia simu kwenye laini za mkononi, lakini hauzihamishi. Kasoro iko wapi?
Msomaji, Uyole

JIBU: Ndugu msomaji, fundi wako hakukudanganya, ila alikueleza nusu ya jambo. Kwa kawaida mtambo huhamisha simu pale tu tawi linapokuwa halipatikani kabisa. Intaneti ikiwa hai lakini imesongwa, mtambo huona kwamba Makambako ipo, nao huendelea kuzipitisha simu njia ile ile. Ni lazima uuwekee ukomo wa simu zinazopita kwa wakati mmoja, ili inayozidi ndiyo ihamishwe.

Ukomo huo hutokana na hesabu. Simu inayotumia kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 hubeba kilobiti 64 za sauti kwa sekunde, na ukijumlisha anwani zinazofungwa kwenye kila pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, hufika takriban 87. Tuseme kasi yako ya kupakia ni kilobiti 512 (hiyo ndiyo hubana, wala si ile ya kupakua inayotajwa kwenye matangazo): simu 5 zitapita, lakini ya 6 ikiingia, haitaharibika hiyo peke yake, bali wote 6 watakatikiwa sauti. Kwa kuwa karani naye anahitaji nafasi, mimi ningeweka 3. Kodeki ya G.729 hutumia takriban 31 tu, na ingawa sauti yake ni hafifu kidogo, kwa kuulizana bei ya mbolea inatosha kabisa.

Jambo linalosahaulika mno ni namba. Ukibonyeza namba fupi ya ndani, tuseme 204, kuita Makambako, mtandao wa simu za mkononi hauijui 204 hiyo. Fundi auelekeze mtambo uibadilishe kuwa namba kamili ya laini ya tawi kabla ya kuihamisha. Laini ya mtambo nayo iwe na salio wakati wote.

Kisha mjaribu asubuhi, karani akiwa anatuma risiti zake: pigeni simu 4 kwa pamoja, na ya 4 iite kwenye simu ya mkononi ya Makambako.