Sheffield, visu na mpira: majibu kwa wasomaji

Wiki iliyopita niligusia kwamba klabu kongwe ya soka duniani haiko London wala Manchester. Iko Sheffield, mji wa chuma wa kaskazini mwa Uingereza. Tangu siku hiyo simu yangu haijatulia. Haya hapa baadhi ya maswali yenu.

Mji wa viwanda ulipata wapi muda wa kucheza mpira? (Msomaji, Morogoro)

Umegonga penyewe. Sheffield FC ilianzishwa tarehe 24 Oktoba 1857 na Nathaniel Creswick, wakili, pamoja na William Prest, mfanyabiashara wa mvinyo. Walikuwa wachezaji wa kriketi waliotafuta kitu cha kuwapasha mwili moto wakati wa baridi. Tusidanganyane basi, hawa hawakuwa vibarua. Wanachama wao walikuwa mawakili, madaktari na watoto wa wenye viwanda. Tena mwanzoni hawakuwa na mpinzani, ikabidi wajigawe wenyewe kwa wenyewe: makapera upande huu, wenye wake upande ule.

Mafundi wa visu walikuja nyuma yao. Visu vingi vya Sheffield vilitoka kwenye vikarakana ambamo fundi alikodi nafasi ya kuweka jiwe lake la kunolea. Alikaa juu ya kigogo kama mtu aliyepanda punda, kifua kimeinama juu ya jiwe linalozunguka, akivuta vumbi lililokuja kuua mapafu ya wengi wao. Kazi ya mateso, ila wengi wao walilipwa kwa idadi ya visu na saa zao walizipanga wenyewe. Jumatatu walizoea kutofanya kazi, na wakaibatiza siku hiyo Mtakatifu Jumatatu, kana kwamba ni sikukuu ya kanisa.

Wengine mapumziko yao yalikuwa Jumatano mchana. Hao walikuwa na klabu ya kriketi iliyoitwa The Wednesday. Tarehe 4 Septemba 1867 wakakutana katika Adelphi Hotel wakaanzisha timu ya mpira, ili wasitawanyike msimu wa kriketi ukiisha. Ndiyo Sheffield Wednesday ya leo. Mashabiki wanaoita timu yao "Jumatano" hawatanii, ndiyo maana yenyewe.

Dabi ya kwanza ilikuwa lini, na je, walipigana? (Msomaji, Kariakoo)

Swali la mtu wa Kariakoo hilo! Mechi ya kwanza kati ya Sheffield FC na Hallam, klabu jirani, ilichezwa tarehe 26 Desemba 1860 katika uwanja wa Sandygate, theluji imelala chini. Sheffield wakashinda 2–0. Hallam bado wanacheza Sandygate hadi leo.

Ngumi zilingoja miaka miwili. Tarehe 29 Desemba 1862 timu hizohizo zilikutana Bramall Lane, uwanja wa kriketi, kuchangisha fedha kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya nguo wa Lancashire. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vimekata pamba, na watu kule wanalala njaa. Ilikuwa mechi ya hisani, basi. Creswick, ambaye wakati huo alikuwa meja, akawa anahangaika na mpira, mchezaji wa Hallam aitwaye Waterfall akamshika, na katika purukushani hiyo Waterfall akala kipigo cha bahati mbaya. Jamaa akavua kizibao chake, akakitupa chini, akamvaa meja kwa makonde. Watazamaji nao wakaingia uwanjani. Kadi nyekundu haikuwepo, kwa hiyo wenzake wakamwadhibu kwa kumpeleka golini. Wanaowadharau makipa wana historia ndefu! Saa tatu zikapita, matokeo 0–0.

Ni kweli kona na mtambaa panya vilitoka huko? (Msomaji, Mombasa)

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Sheffield walikuwa na sheria zao tangu 1858, miaka mitano kabla chama cha mpira cha London, FA, hakijazaliwa. Kona waliikubali 1868, London ikafuata 1872. Kule London walikuwa wakifunga utepe juu ya milingoti huku Sheffield wana mti mgumu.

Lakini walikuwa pia na vituko. Pembeni mwa kila mlingoti, yadi nne nje, ilichomekwa bendera. Mpira ukipita kati ya bendera na mlingoti, na mshambuliaji akauwahi kuugusa, timu yake ilipata alama iliyoitwa *rouge*. Mabao yakilingana, zinahesabiwa hizo. Fainali ya Youdan Cup ya mwaka 1867, ambalo ndilo kombe la kwanza la mpira duniani, Hallam waliwafunga Norfolk, klabu nyingine ya Sheffield, kwa *rouge* mbili bila bao hata moja. Kombe lilitolewa na Thomas Youdan, mwenye ukumbi wa maonyesho. Aliyezoea kuuza tiketi alijua watu watakuja.

Nimesikia Wazulu walicheza Sheffield mwaka 1879. Walifikaje? (Msomaji, Johannesburg)

Hawakufika. Walikuwa Waingereza waliojipaka masizi ya kizibo kilichounguzwa, wakavaa manyoya na shanga, wakashika ngao na mikuki, kisha wakajipa majina ya Kizulu, likiwemo la mfalme Cetshwayo. Novemba 1879 walicheza Bramall Lane kuchangia wajane na yatima wa askari wa Kiingereza waliouawa katika vita dhidi ya Wazulu mwaka huohuo. Wajane wa Kizulu hawakuchangiwa hata senti. Watu walicheka na kushangilia. Mimi nimesoma habari hiyo mara kadhaa na bado sioni cha kuchekesha.

Kilichowaponza hata hivyo hakikuwa masizi. Waliendelea kuzunguka miji mingine na pesa zikaanza kuingia mifukoni mwao. Hilo halikuvumilika katika soka la ridhaa, na chama cha mpira cha Sheffield kikawapiga marufuku. Unafiki ulikuwepo, maana tangu 1876 The Wednesday walikuwa na Mskoti James Lang, mwenye jicho moja zima, aliyepewa "kazi" kwenye karakana ya visu ya mmoja wa viongozi wa klabu. Kazi yenyewe, inasemekana, ilikuwa kusoma gazeti. Malipo kwa wachezaji yaliruhusiwa 1885.

Mechi ya taa nayo? (Msomaji, Dodoma)

Tarehe 14 Oktoba 1878, Bramall Lane, mechi ya usiku chini ya taa nne za umeme juu ya minara ya mbao. Walihudhuria watu karibu 20,000, waliolipa hawakufika 13,000. Nje ya taa palikuwa giza, ukuta unarukika.

Sheffield FC bado ipo? (Msomaji, Bukoba)

Ipo, madaraja ya chini, na uwanja wake uko Dronfield, nje ya mji, ubavuni mwa baa. Ligi ya pesa haikuwahi kuwavutia. Taji lao kubwa ni Kombe la FA la Ridhaa, 1904. Mwaka 2011 waliuza kwenye mnada makabrasha yao ya kale, pamoja na sheria za 1858 zilizoandikwa kwa mkono, kwa pauni 881,250. Walihitaji pesa.