Maswali ya Wasomaji: Kuchora Uhusiano wa Makundi kwa Mikondo

SWALI: Ndugu Mhariri, chuoni tumepewa jedwali la watu 2,201 waliokuwemo ndani ya Titanic mwaka 1912: daraja, jinsia, na kama mtu alinusurika au alikufa. Nimechora pau, lakini hazionyeshi namna daraja na jinsia zilivyofanya kazi kwa pamoja. Nimesikia mchoro wa Sankey unafaa. Nianzie wapi?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Unafaa sana. Mchoro wa Sankey huonyesha makundi kama vituo vilivyounganishwa na mikondo. Jina lake limetokana na Kapteni Sankey, aliyeutumia mwaka 1898 kuonyesha nishati inavyopotea katika injini ya mvuke. Unene wa mkondo ndio idadi yenyewe, kwa hiyo kazi kubwa iko kwenye jedwali.

Andaa safu wima tatu: unakotoka, unakokwenda, idadi. Katika Excel, fomula ya COUNTIFS (huhesabu safu zinazotimiza masharti kadhaa) itakuhesabia. Kutoka daraja kwenda jinsia utapata mistari 8 (madaraja 3 na wafanyakazi wa meli, kila kundi kwa jinsia 2). Kutoka jinsia kwenda matokeo, mistari 4. Kwenye SankeyMATIC, tovuti ya kuchora michoro hii, huandikwa hivi:

Daraja la 1 [145] Wanawake
Wanawake [344] Walionusurika

Kisha hakiki kila kituo cha kati. Wanawake wanaoingia ni 145 + 106 + 196 + 23 = 470; wanaotoka ni 344 walionusurika na 126 waliokufa, jumla 470. Zisipolingana, kuna mstari umerukwa, au jina moja limeandikwa kwa namna mbili. Kwa programu, "Wanawake" na "wanawake" ni vituo viwili tofauti.

Hapa ndipo wengi hukwama bila kujua. Mistari hiyo 12 huwachanganya wanawake wote wakifika katikati. Ukitazama mkondo wa 344 huwezi kusema wangapi walitoka daraja la kwanza, na hilo ndilo swali lako. Hesabu mchanganyiko mzima badala ya jozi: 4 × 2 × 2 = mistari 16, na kila mkondo ubebe rangi ya daraja lake hadi mwisho. Katika R, lugha ya programu ya takwimu, kifurushi cha ggalluvial hufanya hivyo ukiweka rangi kwa daraja, na data ya Titanic tayari imo ndani ya R. Kama huna R, gawa kituo cha kati: "Wanawake D1", "Wanawake D2", na kuendelea. Hapo itaonekana wazi: daraja la kwanza walinusurika wanawake 141 kati ya 145, la tatu 90 kati ya 196.

Usiuache mchoro bila asilimia. Wafanyakazi wa meli walionusurika ni 212, na wa daraja la kwanza 203, kwa hiyo mkondo wa wafanyakazi utakuwa mnene zaidi. Lakini wafanyakazi walikuwa 885, abiria wa daraja la kwanza 325: asilimia 24 dhidi ya 62. Jicho huona unene tu. Uwiano lazima uuandike pembeni mwa mkondo.

SWALI: Nachora wanafunzi waliohama mchepuo kati ya 2023 na 2024. Programu inagoma, inasema kuna mzunguko.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Umetumia jina "Sayansi" kwa miaka yote miwili, kwa hiyo waliobaki wanatoka Sayansi kuingia Sayansi ileile, na mkondo unajirudia wenyewe. Programu nyingi za mchoro huu haziwezi kupanga vituo vya namna hiyo. Weka mwaka ndani ya jina: "Sayansi 2023", "Sayansi 2024". Usiwafute waliobaki ili kukwepa kosa hilo. Bila wao, wachache waliohama wataonekana kama shule nzima.

Panga michepuo kwa mfuatano uleule pande zote mbili, mikondo isikatane ovyo. Michepuo yenye wanafunzi wawili watatu iunganishe kuwa "Mingine".