Chui wangu anauawa raundi ya pili, nimrekebisheje?

SWALI: Mtaalamu habari, mi ndo naendesha gemu letu la kuigiza, nimebuni paka mkubwa mweusi wa msituni anayewinda kwa kunyemelea, namba nimechukua za panther (chui mweusi) wa Dungeons & Dragons toleo la 5, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kurusha dadu. Kila akitokea anauawa raundi ya pili. Nikampandisha kunyemelea, ile namba inayojumlishwa kwenye dadu lake, kutoka +6 mpaka +10, sasa wachezaji wanalalamika eti nawaonea. Nifanyeje?

JIBU: Salama ndugu. Kwanza usimwongezee uhai, najua ndo wengi wanapokimbilia. Panther wa kitabu cha sheria cha 2014 ana uhai 13 na kinga 12 tu (namba ambayo anayempiga lazima aifikishe), lazima afe haraka akisimama kupigana. Chui halisi anasogea taratibu mpaka abaki mita chache ndo anaruka, na akigundulika kabla hajaruka mara nyingi anaachana na mawindo, manake mbio ndefu haziwezi. We unamshusha katikati ya watu wanne wenye mapanga alafu unamwacha hapohapo wapigane zamu kwa zamu, atatokaje?

Kuhusu malalamiko, wana haki. Chukua mchezaji ambaye umakini wake, yaani namba ambayo mnyama lazima aipite ili asionekane (10 pamoja na nyongeza ya mchezaji), unafika 13. Kwa +6 mnyama wako anampita kwenye dadu la pande 20 akirusha 8 na kuendelea, ni mara 13 kati ya 20, ukimpa +10 inakuwa mara 17. Hapo mchezaji hana cha kufanya, anasubiri tu aambiwe ameumia. Rudisha +6, alafu wape dalili wazisome wenyewe.

Na dalili ziko nyingi sana kwa hawa wanyama, mi hii sehemu naipenda kuliko zote. Nyayo kwenye tope hazina alama za kucha, kucha zinarudi ndani wakitembea, na mguu wa nyuma unakanyaga karibu palepale ulipotoka wa mbele kwa hiyo zinaonekana kama za mnyama wa miguu miwili, acha wachezaji wabishane hilo. Nyani wanapiga kelele za hatari upande mmoja wa njia, baadaye kidogo upande wa pili. Mzoga wa swala uko juu kwenye panda ya mti. Usiku mwenge ukigeuzwa, macho mawili yanang'aa mara moja yanapotea. Toa dalili kama tatu hivi kabla ya shambulio, na anayeuliza swali zuri mpe ushindi: akimwona na kupiga kelele mnyama anaondoka, hakuna dadu, atajaribu tena baadaye.

Sasa shambulio lenyewe. Anamchagua aliyebaki nyuma au aliyejitenga kwenda kuchota maji. Ile sheria ya kuruka ibaki ilivyo, akija moja kwa moja futi 20 na kucha zikapata, mtu anarusha dadu la nguvu kufikisha 12, akishindwa yuko chini na anang'atwa hapohapo. We ongeza kitu kimoja tu, kung'ata koo. Chui anamkaba mnyama koo mpaka akose pumzi, kwa hiyo aliyekabwa hawezi kuita wenzake wala kutamka uchawi, na kila zamu anaburutwa futi 10 kuelekea kichakani mpaka ajinasue au wenzake wamfikie. Yule mchawi wenu aliyezoea kumaliza kila kitu kwa neno moja atabadilika kabisa.

Akipoteza nusu ya uhai anamwachia mtu na kupanda mti, ana kasi ya kupanda futi 40, hapo wasimpate kirahisi.

Wakishamzoea, mlete mama na mtoto wake mkubwa, maana watoto wa chui wanakaa na mama zaidi ya mwaka. Nyayo za saizi mbili kwenye tope, na asiyezisoma vizuri atageukia upande mmoja tu.